Ghala la Matofali Karibu na Gati

Bukoba, 6 Machi 1938

Wifi Klaudia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefika. Mwambie mume wako, ambaye kwa bahati mbaya ni kaka yangu, kwamba lori la kahawa halikunitupa njiani. Nimepata kazi na pa kulala mahali pamoja. Karibu na gati pana ghala la matofali mekundu. Mjerumani mmoja alilijenga kabla ya ile vita kubwa, akawa anauza humo vitambaa na shanga. Alipoondoka likashikwa na Mhindi, Bwana Premji, naye amelijaza ngozi za ng'ombe zinazongoja meli ya Kisumu. Mimi nazipaka chumvi na kuzipanga. Nalala chumba cha nyuma, chenye mlango wa mbao na komeo, na komeo liko upande wangu.

Harufu yake usiniulize. Kanisani wenzangu wanasogea hadi mwisho wa benchi, nami napata nafasi nzuri ya kupiga magoti.

Najua Datius anasema nimewaaibisha. Wewe uliyaona mwenyewe. Mume wangu alipofariki, shemeji alinitaka pamoja na migomba ya marehemu, na nilipomkataa akanitoa kwenye kibanja siku ileile. Nikaja kwenu. Kaka yangu akanipa kona ya jiko, na kila alipokunywa pombe ya rubisi akanikumbusha kona ile ni ya nani. Nyumba ya kwanza nilitolewa, ya pili nimeondoka kabla sijatolewa. Sasa nataka mlango mmoja tu hapa duniani ambao hakuna mtu atakayeniambia nitoke. Ukinuka ngozi, na unuke.

Mbusu Clotilda.

Wifi yako,
Anatolia


Muleba, 2 Aprili 1938

Wifi Anatolia,

Milele amina. Barua yako nimeisomea migombani, maana nyumbani ingesomwa na mwingine kabla yangu, na karatasi yenyewe imenuka hadi mbwa akanifuata.

Datius alisema mbele ya baba yenu mdogo Mushumbusi kwamba utarudi kabla ya senene. Nikamuuliza senene wa mwaka gani. Hakucheka. Ana aibu yako kidogo na hasira kidogo, na nadhani anakukumbuka pia, lakini hilo hawezi kulisema akiwa hajalewa.

Clotilda anatembea sasa, na akikasirika anakunja uso kama shangazi yake. Nina mimba nyingine. Shangazi yenu anasema tumbo limekaa kiume, kwa hiyo ninaletewa samaki wakubwa. Mvumilivu hula mbivu, ila wewe usivumilie mpaka zikuozee mkononi. Ukishindwa, rudi. Nitakupisha kitandani kwangu, Datius alale na mbuzi.

Wako,
Klaudia


Bukoba, 19 Novemba 1939

Wifi Klaudia,

Ghala limebadili kazi. Bei ya ngozi imeanguka, Bwana Premji ameingia kwenye kahawa, na mimi sasa ni mchaguzi wa kahawa pamoja na wanawake wengine wa kutoka Rwamishenye.

Nikusimulie tulivyoharibu. Tulisugua sakafu kwa majivu mpaka mikono ikachubuka, lakini harufu ya ngozi ikabaki. Basi nikawaambia wenzangu tufanye kile ambacho kila Mhaya hufanya nyumba isiponukia vizuri. Tukakata nyasi mbichi, tukazitandika sakafu nzima, nene na safi, kana kwamba tunangoja wageni wa posa. Bwana Premji alifurahi sana, akaamuru magunia yapangwe juu yake. Lakini nyasi za nyumbani hubadilishwa na hukaushwa na moto wa jikoni. Za ghalani zililaliwa na magunia, zikapata joto, zikaoza. Kahawa ikashika harufu ya ngozi, ya nyasi na ya ukungu kwa pamoja, na wanunuzi wa Mombasa wakairudisha yote.

Ametufukuza wote. Nikamuuliza ni mlinzi gani mwingine atakayekubali kulala humu. Akafikiri, akaniacha.

Kuta zenyewe zimeanza kutoa unga mweupe wa chumvi, na mbuzi wa mtaa mzima wanakuja kulamba matofali. Mtoto ni nani? Mbona kimya?

Anatolia


Muleba, 11 Februari 1940

Wifi,

Nilijifungua msichana, na baada yake akaja mwingine, naye msichana. Wa kwanza alikaa nasi msimu mmoja wa mvua. Wa pili hakufungua macho. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza niliandika jina la mtoto, nikaishia hapo.

Samaki hawaletwi tena. Datius hajanisema kwa neno baya, lakini ameacha kuniuliza nimeamkaje.

Usije. Najua umeshaanza kufunga mzigo. Wewe kaa na hilo ghala lako, kwa sababu nikijua uko pale napata mahali pa kupeleka mawazo yangu. Habari ya nyasi nimeisoma nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Ningefanya hivyohivyo.

Klaudia


Bukoba, 8 Juni 1943

Wifi Klaudia,

Serikali imelichukua ghala kwa ajili ya vita. Ndani kumejaa unga wa mahindi na mablanketi ya askari, hadi kwenye mbao za paa. Mlangoni wameweka askari anaitwa Karugendo, mtu wa Kamachumu. Kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani na nimeingiaje, na kila asubuhi namjibu kwamba nimelala ndani.

Bwana Mkubwa mmoja aliniambia nihame. Nikamwonyesha magunia yaliyopasuka, nikakaa chini na sindano, nikashona mbele yake mpaka akachoka kunitazama. Sasa mimi ndiye mshonaji wa magunia na mablanketi ya vita, na nimenunua cherehani kwa mke wa fundi aliyekufa. Kinalia kama mtu mwenye kikohozi, lakini ni changu.

Unaona, wifi? Kila mwenye ghala anabadilika na mimi nipo. Sasa sitaki tena chumba cha nyuma tu. Nataka ghala lote. Usicheke.

Anatolia


Bukoba, 20 Oktoba 1946

Wifi Klaudia,

Yule Karugendo alipelekwa Burma, akarudi mzima, na badala ya kwenda kulima amepanga ukumbi wa mbele kwa Bwana Premji, aliyerudishiwa ghala baada ya vita, akauita klabu ya densi. Ana gramafoni na sahani za muziki, na Jumamosi mafundi na makarani wanakuja na wake zao, na wengine na wasio wake zao. Mimi nawashonea magauni nyuma na wao wanayachakaza mbele. Biashara haijawahi kwenda vizuri hivi.

Datius alikuja. Alisimama mlangoni gramafoni ikiimba, akatazama watu wanavyoshikana viuno, akageuka bila kunywa hata maji. Najua aliyowaambia wazee. Wewe jua kwamba sijacheza hata hatua moja. Ingawa, wifi, muziki mwingine ni mtamu.

Anatolia


Muleba, 3 Desemba 1946

Wifi,

Aliwaambia unaishi nyumba ya ulevi. Nikasema afadhali mara hii inanuka pombe, ngozi ilikuwa mbaya zaidi. Baba Mdogo Mushumbusi alicheka akajifanya anakohoa.

Mimi sijapata mwingine tangu wale. Shangazi yenu sasa anasema mbele yangu kwamba mgomba usiozaa hupandiwa mwingine pembeni. Nimemwambia mgomba una Clotilda, na Clotilda anasoma kuliko wavulana wote wa shule ya padri. Nakuambia haya ili ujue kwamba siko kimya. Haya, nawe cheza hatua moja kwa niaba yangu.

Klaudia


Bukoba, 14 Mei 1949

Wifi Klaudia,

Ghala ni langu.

Klabu ya Karugendo ilifungwa baada ya viti kuvunjika mara nyingi kuliko sahani. Bwana Premji anahamia Kampala kwa wanawe, na jengo halina mnunuzi kwa sababu chumvi ya zile ngozi imekula kuta, matofali yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole. Nikamwambia nalitaka. Alidhani natania. Nikampa akiba yangu yote.

Kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, karani aliniuliza jina la mume. Nikasema amekufa. Akauliza jina la kaka. Nikasema yuko hai, lakini hajawahi kupaka ngozi chumvi. Nilirudi pale ofisini mpaka wafagiaji wakanizoea. Mwishowe Bwana Shauri mwenyewe akatia sahihi, nadhani kwa sababu jengo lingemwangukia mtu, na afadhali liniangukie mimi.

Halitaanguka. Jirani yangu Shamsia, anayeuza vitumbua, alinifundisha. Tunachimba udongo wa kinamasi kule Kashai, tunaupaka ukutani ukiwa umelowa vizuri, mnene. Ukikauka unajibandua wenyewe na kutoka na chumvi ya ndani. Tunautupa, tunapaka mwingine. Ukuta wa mbele umeshaacha kutoa unga. Nyumba nzima tunanuka matope na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mbele patakuwa pa kushonea. Nyuma nitagawa vyumba kwa wanawake wanaokuja mjini hospitalini au sokoni na hawana pa kulala. Niletee Clotilda ajifunze cherehani.

Anatolia


Muleba, 7 Agosti 1949

Wifi mwenye ghala,

Nilisoma yale maneno matatu ya kwanza nikakaa chini katikati ya mibuni. Sikucheka mwaka ule uliponikataza, na sasa nalia, kwa hiyo nimetii.

Clotilda nakuletea kwa lori la misheni. Nimemkataza kukuchosha kwa habari za huku, kwa hiyo akikaa kimya usimlaumu.

Huku ni kuzuri. Datius amejenga nyumba ya bati. Mimi nimehamia ile ndogo ya nyuma, kwa sababu mvua ikipiga bati silali, na usingizi wangu unaujua. Tumepata msichana wa kusaidia kazi, anaitwa Kokushubila, ana nguvu sana. Datius siku hizi hapokei komunyo, anasema magoti yanamsumbua. Hana neno na wewe. Ukiweza, mpelekee shati ulilolishona mwenyewe. Mtu akivaa kitu chako huwa mgumu kukutukana.

Klaudia


Bukoba, 17 Septemba 1951

Wifi Klaudia,

Lile shati, Datius alilivaa. Alikuja amelivaa.

Jana nilikuwa misani na Clotilda. Tuliporudi tukakuta omulamula umepandwa kwenye pembe zote za kiwanja changu, vijiti vibichi, udongo bado umelowa. Majirani wanasema alikuja mume wako na Baba Mdogo Mushumbusi na wazee wengine. Wamepanda mti wa mpaka kana kwamba hapa ni migombani, na ghala hili ni kibanja cha ukoo ambacho dada yao amewalindia.

Karani wa Bwana Shauri amecheka. Anasema vijiti si sheria. Lakini karani ni mtu wa Tabora. Kila Mhaya anayepita kwenda gatini anauona mti ule na anaelewa: hapa ni kwa Datius. Wapangaji wameanza kuniuliza kodi wampe nani. Mwanamke mmoja aliyekuja kujifungua amehama, anaogopa ugomvi wa ukoo.

Kuung'oa siwezi, na wewe unajua. Anayeng'oa omulamula watu hawamsalimu tena. Hilo ndilo wanalotegemea. Nina hasira, na leo sijashona kitu.

Anatolia


Muleba, 24 Septemba 1951

Wifi,

Kaa chini unywe maji.

Baba yangu alikuwa mkungu, akiongoza kijiji chetu, na nimeona mipaka ikipandwa tangu naogeshwa. Omulamula haupandwi kimyakimya watu wakiwa kanisani. Anayepanda humwita jirani wa upande wa pili, wanaushika mti pamoja, mkungu anasimama akiona, kisha wanatafuna kahawa kama kiapo. Jirani asipoitwa, yale ni majani tu. Baba Mdogo Mushumbusi anajua hivyo, ndiyo maana walikuja asubuhi ya Jumapili.

Je, Shamsia aliitwa? Ndiye jirani yako. Upande mwingine ni barabara ya serikali, na barabara haitafuni kahawa. Usiguse walichopanda. Mwite Shamsia, mwite mzee Kaijage, mkungu wa Rwamishenye, kisha mpande omulamula wako.

Barua hii ichome. Mimi sijakuambia chochote.

Klaudia


Bukoba, 9 Oktoba 1951

Wifi Klaudia,

Nimeichoma. Sasa sikiliza.

Siku tuliyomwita mzee Kaijage, alikuta pembe zote ni vishina. Wale mbuzi wanaokuja kulamba chumvi ya ukuta walikuwa wameula omulamula wote wa Datius, jani kwa jani. Mzee aliinama akatazama meno ya mbuzi kwenye mti, akasema hakuna mkono wa mtu uliougusa, kwa hiyo hana kesi ya kusikiliza.

Kisha tukapanda wetu. Hapo mzee akasita. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuona mwanamke akishika omulamula. Shamsia akamwambia, "Basi leo umeona wawili."

Tukatafuna kahawa. Shamsia hakuipenda, lakini aliimeza. Watu walijaa barabarani kutazama, na jioni wapangaji wamelipa kodi kwangu bila kuuliza. Clotilda amejenga kiuzio cha miiba kuzunguka miti. Asante, wifi. Nisingekuwa na nyumba leo kama si wewe.

Anatolia


Muleba, 22 Agosti 1955

Kwa Dada Anatolia,

Nakuandikia kama mkubwa wa nyumba ya marehemu baba yetu. Mimi ni mzima, na natumaini nawe u mzima.

Najua mnaandikiana na Klaudia. Sijui kama amekueleza. Mwaka ule niliojenga nyumba ya bati nilimwoa Kokushubila, ndiye anayekaa humo. Padri hakupenda, lakini mtu anahitaji mrithi. Tumepata mtoto wa kiume, Ildefons, anaanza kuchunga mbuzi sasa. Klaudia nilimwacha akae nyumba ya nyuma, nami sikumfukuza, ingawa wengine wangefanya hivyo.

Wazee wamekaa. Kibanja kimeandikwa kwa Ildefons. Wanasema pia kwamba jengo la dada asiye na mtoto ni la kaka yake, na mimi sioni wanakosea wapi. Wewe unazeeka. Ukifa, nani atalirithi? Mke wa Mwarabu anayeuza vitumbua?

Kwa hiyo nakuomba kwa upole. Nenda kwa Bwana Shauri uandike jina la Ildefons. Ukifanya hivyo, Klaudia atakaa nyumba ya nyuma hadi kufa kwake, na atalima kipande cha chini. Usipofanya, kahawa ikishavunwa atarudi kwao, na unajua kwao hakuna mtu aliyebaki. Sisemi haya kwa ubaya. Natafuta mahali pa mwanangu kama wewe ulivyotafuta mahali pako.

Kaka yako,
Datius


Bukoba, 29 Agosti 1955

Klaudia,

Msichana wa kusaidia kazi, ana nguvu sana!

Nimeichukua ile barua yako ya zamani nikaisoma upya, na kila mstari umenichoma. Bati linakukosesha usingizi. Magoti ya Datius. Nami nilifurahi. Nilimwambia Shamsia, wifi yangu anakula raha Muleba. Nilimshonea shati mtu yule. Nimemuuliza Clotilda leo kama alikuwa anajua, akaangalia sakafu. Mtoto amebeba siri yako tangu akiwa msichana mdogo, chini ya paa langu, na mimi namfundisha kushona vifungo.

Nina hasira na wewe kuliko niliyonayo kwa Datius. Yeye sikuwa namtegemea.

Nimeamua. Jumatatu ijayo nakwenda kwa Bwana Shauri kuandika jina la yule mtoto. Nililitaka jengo hili kuliko kitu chochote, na bado nalitaka, sitakudanganya. Kuna wanawake saba wamelala humu leo, na sijui nitawaambia nini. Lakini wewe ndiye uliyeniokolea nyumba hii, na siwezi kulala humu nikijua umetupwa barabarani kwa ajili yake. Usinijibu kwa utani. Usinijibu kabisa, nimeshaamua.

Anatolia


Muleba, Ijumaa, 2 Septemba 1955

Wifi,

Usitie sahihi.

Nakuandikia nikiwa dukani hapa barabarani, mwenye duka amenipa karatasi na kalamu. Lori la kwanza limejaa, kwa hiyo barua hii nampa dereva aiwahishe, mimi nangoja linalofuata.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungekuja Muleba na mkasi mkononi, na wakati unapigana huku wangekuchukulia kule. Nilikaa nyumba ya nyuma miaka yote hii kwa hiari yangu, kwa sababu kila nilipopata barua yako nilijua kuna mwanamke mmoja wa nyumba hii ambaye hawajamweza. Ukimpa Datius lile jengo, basi nilivumilia bure. Huo ndio ukatili ambao siwezi kukusamehe, si hasira yako.

Barua yako ilifika jana. Leo asubuhi nimepika ndizi za ebitoke nikawaandalia wote, na yule mtoto nimemlisha mwenyewe, hana kosa. Kokushubila naye hana. Nimemkabidhi jembe langu na kisu cha migomba mbele ya Baba Mdogo Mushumbusi, ili asije mtu akasema nilitoroka. Datius akaniuliza ninakwenda wapi na mavuno hayajaisha.

Nikamwambia, "Kwa wifi yangu. Sasa huna tena cha kubadilishana naye."

Nilimhurumia kidogo, nakuambia ukweli, maana alionekana mzee. Kisha nikabeba kikapu changu nikashuka barabarani mchana kweupe, na wanawake waliokuwa wanachuma kahawa wakaacha kuchuma. Hakuna aliyenizomea. Mmoja alinipokea kikapu hadi hapa dukani.

Sijui kushona. Mikono yangu ni ya jembe. Utanitafutia kazi, au nitajitafutia mwenyewe, lakini sitakaa kona ya jiko la mtu, hata lako. Lori linakuja.

Klaudia


Bukoba, 6 Septemba 1955

Kaka Datius,

Barua yako niliipata, na nilikuwa nimeshakubali. Ulinijua vizuri. Klaudia hukumjua.

Jana nilikwenda kwa Bwana Shauri kama ulivyoagiza, ila sikwenda peke yangu. Tulikwenda watatu, na majina yaliyoongezwa kwenye hati ni ya Klaudia na ya Clotilda. Karani alitaka kujua kati yetu ni yupi hasa mwenye nyumba. Tulimwambia aandike yote na aache kuuliza, na safari hii aliandika.

Uliniuliza nikifa nani atarithi. Umejibiwa. Mwanao Ildefons ni damu yangu na sina ubaya naye. Akifika umri wa kujifunza kazi na akitaka mjini, mlete, atakula na kulala hapa bila kulipa. Kurithi hatarithi.

Kwako wewe nina hasira, na nitakaa nayo muda mrefu, nisikudanganye. Lakini Klaudia amenikataza kukuapiza. Amepata kazi yake tangu siku aliyofika. Ameshika funguo, kodi na wageni wote wa nyuma, kwa sababu anasema mimi nina mdomo mkali na nawafukuza watu. Wapangaji wanamheshimu kuliko wanavyoniheshimu mimi, na hajamaliza wiki.

Najua wazee watakaa tena. Wakae, na wakitaka waje, tutawapa chai. Wewe pia ukifika mjini pita utusalimie, ila upige hodi kama watu wengine. Atakayekuja kukufungulia ni Klaudia.

Dada yako,
Anatolia